Namna ya Kuhakiki Riwaya Inayoitwa Sauti ya Kizazi

Jalada la nyuma likishatangaza kwamba kitabu ni "sauti ya kizazi", mhakiki ameshategwa. Akikubali, atajikuta anawasifu vijana badala ya kukipima kitabu. Akikataa, atajikuta anawagombeza, na kitabu kimebaki palepale mezani hakijaguswa. Mwongozo huu ni wa anayetaka kuandika mapitio ya maneno kati ya 800 na 1,500 juu ya riwaya ya namna hiyo, au insha ndefu kidogo juu ya jinsi wahakiki walivyoipokea, bila kunasa upande wowote.

Riwaya isome mara mbili. Mara ya kwanza usishike kalamu. Mara ya pili uwe na penseli, karatasi moja kubwa, na muda wa kurudi nyuma.

Neno lenyewe

Katika Kiswahili "kizazi" limebeba mizigo miwili. Upo ule wa nasaba: babu, baba, mwana, mjukuu. Na upo ule wa watu waliozaliwa miaka inayokaribiana, wakakutwa na jambo moja wakiwa na umri unaolingana. Huo wa pili una jina lake la siku nyingi, rika. Na wa pwani wana hirimu. Riwaya ya ukoo inaweza kushuka ngazi nne za nasaba isiwe na rika hata moja ndani yake, kwa sababu kila ngazi ina mtu mmoja, na mtu mmoja si rika. Lakini marafiki watatu wa miaka ishirini waliopanga chumba kimoja wanatosha. Kila unapotaka kuandika "kizazi", jaribu "rika" kwanza. Likikaa vizuri, liache. Likikataa, huenda ulikuwa unazungumzia ukoo, au hukuwa unazungumzia kitu chochote.

"Vijana" ni neno la kuchunga zaidi. Umoja wa Mataifa katika takwimu zake humhesabu kijana kuanzia miaka 15 hadi 24. Mkataba wa Vijana wa Afrika wa mwaka 2006 humfikisha 35. Kwa mkataba huo binti wa miaka 16 na mwanamume wa miaka 34 wote ni vijana, ilhali mmoja angeweza kumzaa mwenzake. Ujana ni kituo tu, watu hupanda na kushuka. Rika ni abiria wenyewe, na huzeeka pamoja.

Aliyelipanga jambo hili kwa namna inayomfaa mhakiki ni mwanasosholojia Karl Mannheim, katika insha yake ya Kijerumani ya mwaka 1928. Alitenganisha ngazi tatu. Ya kwanza ni kuwa mahali pamoja: kuzaliwa wakati mmoja ndani ya jamii na historia moja. Vijana wa China na wa Ujerumani wa mnamo 1800, anasema, hawakuwa mahali pamoja, hata wangezaliwa siku moja. Ya pili ni kushiriki: wale wa mahali pamoja wanapoingizwa kweli kwenye msukosuko wa wakati wao. Kijana wa shambani ambaye vuguvugu la mijini halikumgusa hubaki ngazi ya kwanza. Ya tatu ni kundi: ndani ya rika lililoshiriki wako wanaolijibu jambo lilelile kwa njia zinazogongana, na kila njia ina kundi lake.

Ngazi hii ya tatu ndiyo wahakiki huisahau. Riwaya karibu zote zinazopewa sifa ya kusemea kizazi husemea kundi moja ndani ya rika, na mara nyingi ni lile lililosoma, la mjini, lenye nafasi ya kukaa na kuandika. Litaje kundi hilo kwa jina mapema katika mapitio yako. Nusu ya ubishi juu ya nani ameachwa nje utakuwa umeumaliza hapo.

Hesabu ya miaka

Juu ya karatasi andika miaka minne: wa kuzaliwa mwandishi, wa hadithi, wa kuchapishwa, na wa kuzaliwa mhakiki, yaani wewe. Kisha jumlisha 17 kwenye mwaka wa kuzaliwa mwandishi, na kwenye ule wa mhusika mkuu kama unajulikana. Kumi na saba ni umri alioutaja Mannheim, akisema unaweza kutangulia au kuchelewa kidogo, ambapo mtu huanza kuyahoji maisha kwa kuyajaribu mwenyewe. Tazama nini kilikuwa kikitokea mwaka huo.

Chukua Euphrase Kezilahabi, mwandishi wa Tanzania. Alizaliwa 1944, ukijumlisha 17 unapata 1961, mwaka wa uhuru wa Tanganyika. Shaaban Robert, wa 1909, alikuwa na miaka 52 uhuru ulipofika. Mmoja alikutana nao akianza kuuliza maswali, mwingine akiwa ameshatoa majibu yake, tena katika vitabu vingi. Riwaya ya Kezilahabi, Rosa Mistika, ikatoka 1971, mwandishi akiwa na miaka 27. Ndani yake Zakaria anamchapa binti yake Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana; binti aliyelelewa kwa kufungiwa namna hiyo, akifika mahali pasipo na wa kumchapa, hana chombo cha kujichunga. Riwaya ilipigwa marufuku mashuleni, na baadaye ikaja kufundishwa. Aliyeona matusi na aliyeona somo la malezi walishika kurasa zilezile. Tofauti iko kwenye ule mwaka wa nne, ambao wahakiki wengi hawauandiki.

Mfano ulio tajiri kuliko huo ni riwaya ya Mrusi Ivan Turgenev juu ya akina baba na watoto wao. Mwandishi alizaliwa 1818. Hadithi inaanza Mei 1859. Kitabu kilitoka 1862. Katikati, mwaka 1861, Urusi iliwaachia huru wakulima waliokuwa mali ya mabwana wa ardhi. Kwa hiyo msomaji wa kwanza wa kitabu alijua jambo kubwa ambalo wahusika hawakulijua bado, na mabishano yao ya mezani juu ya wakulima aliyasoma akiwa tayari anajua yaliishaje. Pengo la miaka mitatu tu, lakini mhakiki asiyeliona atadhani wahusika ni wajinga.

Sasa tazama mapokeo, yaani jinsi wahakiki walivyoipokea. Mhusika mkuu, Bazarov, ni kijana wa sayansi na tiba asiyeinamia mamlaka yoyote. Mwaka uleule wa 1862 Maxim Antonovich aliandika katika jarida la Sovremennik kwamba riwaya inawasingizia vijana. Dmitry Pisarev, katika jarida la Russkoye Slovo, akamkumbatia Bazarov kama picha ya kweli, na mfano wa kuigwa. Wa kwanza alizaliwa 1835, wa pili 1840. Wote vijana, wote wa mrengo mkali, wote walikuwa wadogo kwa mwandishi kwa zaidi ya miaka 15. Anayedhani tarehe ya kuzaliwa ya mhakiki hutabiri hukumu yake aanzie hapa. Walikuwa mahali pamoja na walishiriki msukosuko mmoja, ila walikuwa makundi mawili. Na nje ya uhakiki mambo yalikuwa makali zaidi: Turgenev alisimulia baadaye kwamba aliporudi Petersburg mwaka huo, wakati soko la Apraksin linaungua, mtu wa kwanza aliyemfahamu alimwambia atazame wanihilisti wake, yaani watu wa aina ya Bazarov, wanavyouchoma mji. Mhusika wa kubuni akapewa kesi ya moto halisi.

Mwaka wa tano uandike pembeni: wa kuzaliwa wale waliokikumbatia kitabu. Mwandishi Mmarekani Jack Kerouac alizaliwa 1922. Safari zilizomo katika riwaya yake On the Road ni za miaka ya mwisho ya 1940, kitabu ni cha 1957. Msomaji wa miaka 17 aliyekibeba mfukoni mwaka huo alizaliwa 1940, na safari zilipoanza alikuwa mtoto wa miaka saba. Sauti ilitoka rika moja ikapokelewa na jingine. Hili hutokea mara nyingi kuliko inavyosemwa, kwa sababu kuandika na kutafuta mchapishaji huchukua miaka.

Hesabu hii pia huyaumbua majina. Douglas Coupland, ambaye riwaya yake ya 1991 ndiyo iliyolieneza jina la Kizazi X, alizaliwa Desemba 1961. Ofisi ya sensa ya Marekani huwaweka waliozaliwa kati ya 1946 na 1964 katika wimbi la uzazi lililofuata vita, na Kituo cha Utafiti cha Pew huanza kukihesabu Kizazi X mwaka 1965. Kwa kalenda hizo, aliyelitangaza jina hayumo. Usitumie mabano ya miaka ya namna hiyo kama ushahidi katika mapitio. Yalikatwa kwa ajili ya kura za maoni na takwimu za nchi moja, na Pew wenyewe mwaka 2023 walisema watapunguza kuyatumia.

Umri, kipindi na rika

Wanaosoma takwimu za watu hutenganisha athari tatu, na mhakiki anaweza kuziazima bila kulipa riba. Kila tabia ya mhusika unayodhani ni ya kizazi chake, ipitishe kwenye maswali mawili.

La kwanza: mzazi wake, alipokuwa na umri huo, angefanya vivyo hivyo? Kama ndiyo, ni athari ya umri. Andika U pembeni mwa ukurasa.

La pili: mzazi naye anafanya hivyo sasa? Kama ndiyo, ni athari ya kipindi. Andika K.

Yote mawili yakijibiwa hapana, ni athari ya rika, ndipo unaandika R.

Kumnunia baba ni U karibu siku zote. Kuogopa ugonjwa unaoenea ni K. Pagumu ni pale jambo moja linapowapiga wote kwa pamoja, mfano uchumi ukianguka. Baba aliyefukuzwa kazi akiwa na miaka 50 na mwana anayemaliza masomo asipate kazi ya kwanza wako ndani ya kipindi kimoja, lakini baba amepoteza kitu na mwana hajawahi kukishika. Mmoja anakumbuka, mwingine anakisia. Usitafute jibu kwenye tarakimu: umri, mwaka na mwaka wa kuzaliwa vimefungwa kamba moja, ukijua viwili cha tatu kinajileta chenyewe, ndiyo maana hata wataalamu hawawezi kuvitenganisha kwa hesabu pekee. Jibu liko kwenye namna mwandishi alivyoandika.

Tuseme riwaya ina kifungu hiki:

"Mama alipiga mara tatu. Zuhura aliitazama simu ikitetemeka juu ya godoro mpaka ikachoka. Kisha akaandika: Nipo darasani mama, vipi? Hakuwa darasani. Alikuwa amekaa peke yake, chumba kimya, na angeweza kuzungumza saa nzima."

Mhakiki mwenye haraka ataandika kwamba kifungu kinaonyesha jinsi simu zilivyotenga familia. Simu ni K: mama naye anayo, tena ndiye anayepiga. Kumdanganya mama uko wapi ni U. Huyo mama naye enzi zake alikuwa na uongo wake. R imejificha kwenye kishazi cha mwisho. Zuhura ana muda, ana faragha, hana ugomvi na mtu, na bado kuitoa sauti ni mzigo ambao kuandika si mzigo. Kwa mama, kupiga ni upendo na kuandika ni ubaridi. Kwa binti, kupiga bila taarifa ni kuvamia, na kuandika ni adabu. Wote wawili wanafuata adabu, ila si moja. Hapo ndipo rika lilipo, na ona kwamba mwandishi hakulitaja. Angeongeza "sisi watu wa siku hizi hatupendi kupigiwa simu", kifungu kingezimika.

Kwa riwaya ya kurasa 250, alama 30 hadi 40 zinatosha kukupa picha. Zihesabu. R zikiwa chini ya tano na U zimejaa, ulichonacho ni riwaya ya kijana anayekua, na hiyo ni kazi halali yenye ukoo mrefu. Mwambie msomaji hivyo. K zikijaa, ni riwaya ya wakati fulani, inayomhusu kila aliyekuwa hai. Nyingi zinazouzwa kwa jina la kizazi huangukia moja ya makapu haya mawili, na si kosa la mwandishi kama jalada liliandikwa na mtu mwingine.

Misimu, yaani maneno ya mtaani ya wakati fulani, na majina ya vitu ndivyo vinavyochakaa haraka, kwa hiyo visikuvutie sana. Kitu kimoja tu kitazame: misimu iko kwenye mazungumzo pekee, au imeingia hadi kwenye usimulizi? Ikiwa kwenye mazungumzo tu, msimulizi amesimama mlangoni anawatazama wahusika wake. Ikiingia kwenye usimulizi, anadai yumo chumbani. Pale msimulizi anapobadilika bila sababu, mara yumo mara yuko mlangoni, mwandishi ameyumba, na hilo ni kosa la fani unaloweza kulithibitisha kwa kutaja kurasa.

Nani yumo ndani ya "tu-"

Madai ya kusemea wengi hupitia nafsi ya kwanza wingi, na Kiswahili kina mtego hapa: "sisi" halihitaji kutajwa. "Tuliambiwa tusome, tukasoma, tukakuta mlango umefungwa." Hakuna "sisi" hata moja, lakini watu maelfu wameshaingizwa ndani ya sentensi bila kuombwa ruhusa. Katika usomaji wa pili pigia mstari kila tu- ya msimulizi na uandike juu yake idadi: wawili? darasa? mji? nchi? Mwandishi stadi hulipanua duara hilo na kulibana kwa makusudi, na mara nyingine tu- ni kejeli, msimulizi anajificha nyuma ya wenzake ili asikiri jambo lake mwenyewe. Mwandishi asiye stadi huanza na wawili akamaliza na nchi nzima ndani ya aya moja, wala hajui kama amefanya hivyo.

Uangalie pia dai limetolewa wapi. Linaweza kuwa ndani ya hadithi, kwenye dibaji, kwenye jalada, au kwa mhakiki aliyetangulia, na uzito wake haulingani. Mrusi Mikhail Lermontov alitoa riwaya yake juu ya shujaa wa wakati wetu mwaka 1840. Wasomaji wakalalamika, wengine wakadhani amejichora mwenyewe. Ndipo katika toleo la pili, 1841, akaongeza dibaji akisema hiyo ni picha kweli, lakini si ya mtu mmoja: imekusanya maovu ya kizazi chao kizima. Dai lilikuja baada ya lawama, kama ngao. Na Sally Rooney, mwandishi wa Ireland aliyezaliwa 1991, aliitwa Salinger (yule Mmarekani aliyeandika riwaya maarufu ya ujana) wa kizazi cha Snapchat. Tamko hilo lilianzia kwa mhariri wake, kisha magazeti yakalibeba. Ukimlaumu mwandishi kwa sentensi ya idara ya mauzo, utakuwa umemkosea, na msomaji makini ataliona.

Kukusanya mapokeo

Kama unaandika juu ya wahakiki wenyewe, tafuta mapitio kati ya 8 na 12, kwa mafungu matatu: ya miezi mitatu ya kwanza, ya miaka kumi hivi baadaye, na ya miaka 30 au zaidi ikiwa kitabu kimefika huko. Kwa kila moja jaza safu hizi: tarehe, gazeti au jarida, mwaka wa kuzaliwa mhakiki kama uko wazi, hukumu yake kwa sentensi moja, lebo aliyoitumia, na kifungu alichonukuu.

Safu ya mwisho ndiyo yenye faida kubwa. Mtu aliyeandika maneno elfu moja bila kunukuu hata mstari mmoja hakuhakiki kitabu. Safu ya lebo nayo ina yake: linganisha riwaya za waandishi wanawake na wanaume zenye mambo yaleyale, urafiki, kukosa kazi, mapenzi yasiyo na mwelekeo. Angalia ni ya nani imeitwa "ya kizazi" na ni ya nani imeitwa "ya mapenzi". Usiseme kwa jumla. Onyesha safu yako.

Utakutana na wahakiki wa namna tatu. Mgeni ni mkubwa kwa umri kuliko wahusika, na husoma kama msafiri: huona yale ambayo wenyeji wameyazoea, lakini usimulizi mkavu kwake huwa ni ukosefu wa ufundi, hata pale ukavu wenyewe ndio ufundi. Mwenyeji ni wa rika lilelile. Husikia kejeli ambayo mgeni haisikii, ila sifa yake kubwa huishia kwenye "ndivyo tulivyo", na kufanana na maisha hakujawahi kumzuia mtu kuandika riwaya mbaya. Mrithi huja miaka mingi baadaye na kukuta unabii kila ukurasa.

Kumbuka pia bahati. Mapitio ya On the Road katika New York Times ya tarehe 5 Septemba 1957 yaliandikwa na Gilbert Millstein, aliyekifananisha kitabu na riwaya ya Hemingway ya 1926 na Kizazi Kilichopotea, yaani rika lililokua wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mhakiki wa kawaida wa ukurasa huo alikuwa likizo. Kitabu kingetua kwenye meza yake, jedwali lako lingesomeka vingine.

Na fungu la kwanza lisikupe hukumu ya mwisho. The Great Gatsby ilitoka 1925; mwandishi wake, F. Scott Fitzgerald, alipofariki 1940, nakala za chapa ya pili zilikuwa bado hazijaisha. Wakati wa Vita Kuu ya Pili nakala zipatazo 155,000 ziligawiwa kwa wanajeshi wa Marekani, wengi wao wakiwa bado watoto kitabu kilipotoka. Riwaya inayotajwa leo kama picha ya rika la miaka ya 1920 ilipewa heshima yake na rika la watoto wao.

Kuandika mapitio

Kwa maneno 1,000, mgao huu hufanya kazi: 150 kwa hadithi, 100 kwa miaka na kundi, 450 kwa vifungu viwili vilivyosomwa kwa karibu, 200 kwa wahakiki wengine, na 100 kwa hukumu. Anayeanza hugeuza mgao: hutoa 450 kwa hali ya jamii, na vifungu vinakosa nafasi.

Sentensi ya kuepuka ni hii: "Riwaya hii inaakisi changamoto za kizazi cha sasa katika zama za mitandao." Ibandike kwenye kitabu chochote kilichotoka miaka 20 iliyopita, itakaa. Linganisha na hii, kwa riwaya yetu ya Zuhura: "Zuhura ana muda na faragha, na bado hampokei mama yake. Riwaya inajenga sura nne juu ya adabu mbili za simu, kila upande ukidhani yake ndiyo ya kawaida, na inaanguka pale tu inapomfanya mama aonekane mshamba ili binti ashinde." Hapa kuna jambo la kukaguliwa, na hukumu imo ndani yake.

Hilo la mama ndilo jaribio ninaloliamini kuliko mengine. Mtazame mzee. Hesabu ni mara ngapi anasema jambo ambalo kijana hana jibu lake. Ikiwa sifuri, mwandishi ameandika hotuba ya rika lake, na wahakiki wa rika hilo watapiga makofi kwa sababu isiyohusiana na ufundi. Turgenev, baada ya kurasa zote za vijana wakibishana, aliifunga riwaya kwa wazee wawili, wazazi wa Bazarov, makaburini. Kosa la upande wa pili lipo pia: riwaya ambamo mzee hushinda kila hoja, kijana akirudi nyumbani kuomba radhi. Mashule huzipenda sana hizo.

Kosa jingine la kawaida ni kumchukua msimulizi kuwa mwandishi, hasa mwandishi akiwa kijana na usimulizi ni wa nafsi ya kwanza. Msimulizi mvivu, mwongo au asiye na huruma ni uamuzi wa mwandishi mpaka uthibitishe vinginevyo. Tafuta mahali ambapo hadithi inamjua kuliko anavyojijua. Pakiwepo hata pamoja, mwandishi na msimulizi wameshaachana.

Ukimaliza rasimu, tafuta ndani yake maneno "kizazi", "vijana", "siku hizi" na "mitandao". Kila lililosimama bila kifungu cha riwaya karibu yake lifute pamoja na sentensi yake. Mwisho rudi kwenye ule mwaka wa nne. Kama umri wako uliathiri usomaji, useme mara moja, kwa sentensi moja, palepale penye kifungu ulichokisoma tofauti kwa sababu yake: kwamba mtu aliyezoea kupiga simu atamhurumia mama kwenye ukurasa huo, na kwamba ilibidi kuusoma tena ili kumsikia binti. Usiiweke kwenye aya ya kwanza, maana huko itageuka kuwa habari zako.